Mshenzi ni Nani?

Mwezi uliopita, kwenye kikao chetu cha kusomeana, mwenzetu mmoja alisoma hadithi yake na sote tukapiga makofi. Baadaye, wakati wa chai, akaniuliza mbona mimi huondoka mapema kila mara. Nikasema naenda kumlisha mbwa. Mbwa gani? Nikamweleza: mbwa wa kike, rangi yake kama chapati iliyoungua kidogo, nilimchukua katika kituo cha wanyama waliotupwa kule Karen.

Chumba kizima kilicheka. "Mazee, ulienda mpaka Karen kuchukua mbwa shenzi? Si hata hapa kwa dampo wako wengi, tena bure!" Mwingine akamalizia: "Huo ni uzungu, bana. Watu hawajala, wewe unapikia mbwa."

Siku ile sikujibu. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaondoka na hasira yangu mpaka stendi ya matatu. Leo najibu. Jarida hili ni letu, na kama hatutagombana humu tutagombana wapi? Mnivumilie nikikwaruza.

Naanza na hilo neno, maana sisi ni waandishi, au angalau tunadai tunataka kuwa. Shenzi. Neno hili Mzungu hakulileta kwa meli. Alilikuta pwani, ambako mwungwana wa mji alilitumia kumwita mtu wa bara ambaye hakumwona kuwa mstaarabu. Mlowezi alipofika Kenya alilipenda mara moja. Akalitia ndani ya Kiingereza chake, likawa la watu wetu, la vitu vyetu, na la mbwa wetu. Mbwa wake yeye alikuwa na jina na ukoo. Mbwa wa kijiji, yule mwembamba wa rangi ya vumbi aliyekuwa akichunga na kuwinda na babu zetu, huyo akawa "shenzi". Mlowezi akaondoka, shamba likabadilisha mwenyewe, bendera ikabadilika mwaka 1963. Neno likabaki vinywani mwetu, nasi tunalitumia kwa raha zetu kama tulilirithi kwa nyanya. Hata Disney, mwaka 1994, walipotaka jina la fisi katika filamu ya The Lion King, walichukua hilo hilo: Shenzi. Tukaitazama na tukacheka.

Sasa sikilizeni kisa kingine. Katika misitu ya Congo kuna mbwa wadogo, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Hawabweki kama mbwa wengine. Hutoa mlio kama mtu anayejaribu kuimba huku ana mafua. Wenyeji waliwinda nao, wakiwafunga njuga za mti shingoni ili wasipotee vichakani. Wazungu wakawaita basenji. Katika Congo ya Wabelgiji neno hilo lilikuwa dharau ya kumwitia mtu wa kijijini ambaye eti hajastaarabika. Kwa hiyo ni ndugu wa toka nitoke na "washenzi" letu. Basi mwaka 1937 hao basenji wakaonyeshwa London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Leo wana hati za ukoo, wana vyama vyao, na bei yao wewe na mimi hatuigusi.

Ni mbwa yule yule, jamani! Yule aliyelala kwenye majivu ya jiko la mwanakijiji. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu London aliyemtazama na kuandika karatasi. Na mkisema hayo ni mambo ya mbwa tu, hebu jiulizeni ni wangapi kati yetu tunaohisi hadithi zetu hazijawa hadithi mpaka mtu wa mbali azipe karatasi. Hatumwamini mbwa wa mtaani kwa sababu ile ile inayotufanya tusiuamini mtaa wenyewe.

Nimesoma miswada yetu yote ya mwaka huu, maana niko katika kamati ya kuichagua. Nimetafuta mbwa humo. Wapo wengi! Kuna anayepigwa teke ili tujue mhusika ana hasira. Kuna anayebweka kwa mbali ili usiku uwe usiku. Kuna anayelamba maiti ili tujue vita ni vibaya. Hakuna hata mmoja mwenye jina. Hakuna anayekula, anayeota usingizini, anayemchukia mtu fulani kwa sababu maalumu. Tunajiita waandishi wa maisha ya mtaa, na kiumbe anayeujua mtaa kuliko sote, anayeujua saa tisa za usiku, tumemfanya king'ora.

Nawaambia haya nikijua kwamba nami nilikuwa hivyo hivyo.

Kituo nilichokwenda ni cha KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama hapa Kenya. Nilipanda matatu namba 24 nikidhani nitaonyesha kitambulisho, nitoe pesa, niondoke. Wapi! Nilihojiwa kuliko nilivyowahi kuhojiwa nikitafuta kazi. Nyumba ina ua? Lango linafungika? Nani anabaki naye mchana? Na ukihama, je? Hilo la mwisho lilinikaba. Mimi nimehamishwa nyumba nne kabla ya kumaliza shule, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa rafiki ya mama, mpaka nikaishia kwa nyanya. Hakuna hata siku moja mtu mzima aliyeketi na kuuliza: na huyu, akihamishwa, atabaki na nani? Mbwa aliyetupwa aliulizwa swali ambalo mimi sikuulizwa. Niliona wivu, na sioni haya kusema.

Nikamchukua. Alikuwa amechanjwa na amefungwa uzazi, na sikio lake moja lilikuwa na pengo kama karatasi iliyoliwa na panya. Kwa nyumba ya nyanya, hapa Eastlands, kuna ua mdogo wenye mparachichi. Nyanya akamtazama, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, huyo alale nje. Sitaki mbwa jikoni mwangu." Nikasema sawa, nyanya. Nikampa jina Chapati, kwa ile rangi yake.

Wiki ya kwanza niligundua jambo. Kila nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, Chapati alikimbia mpaka nyuma ya tangi la maji, mkia katikati ya miguu, akitetemeka. Nikidondosha kalamu nikainama kuiokota, mbio. Nyanya akiinama kufagia, mbio. Sikuelewa. Nilidhani ni mgonjwa.

Aliyenieleza ni kijana wa dampo, mmoja wa wale mnaowaita machokoraa. Nilikuwa nikipita naye Chapati asubuhi, saa kumi na mbili hivi, kijana akaketi kwenye gunia lake akitutazama. Akasema, "Siste, wewe ukiinama yeye anaona jiwe." Yaani hivyo tu. Akaendelea kula. Nikasimama pale kama mti. Ukweli ni huo: nenda mtaa wowote wa Nairobi, ukutane na mbwa wa barabarani, uiname kana kwamba unaokota kitu. Ataondoka kabla mkono wako haujagusa ardhi. Amefundishwa na nani? Na sisi. Kila mmoja wetu, tulipokuwa watoto, tumewahi kutoa somo hilo. Mimi nimelitoa. Nakumbuka nyumba, nakumbuka ukuta, nakumbuka jinsi tulivyoshangilia jiwe lilipompata.

Basi nikaanza kuinama. Kila asubuhi nilikwenda uani nikiwa na vipande vya matumbo, nikaketi mbali naye, nikainama polepole, nikaweka kipande chini, nikaondoa mkono. Kijana wa dampo ndiye aliyenishauri niketi kwanza, nisisimame juu yake. Yeye ana mbwa watatu, hulala nao usiku wa baridi chini ya turubai moja, na anajua ya mbwa kuliko vitabu vyote nilivyoazima. Ilichukua siku nyingi. Nyingine tulirudi nyuma kabisa, kwa sababu jirani alipigilia bati na Chapati akarudi nyuma ya tangi akakaa huko mpaka jioni. Nilijifunza kitu ambacho hakuna warsha ya uandishi iliyowahi kunifundisha: kwamba mwili wangu una maana machoni pa mwingine, maana ambayo sikuichagua, na siwezi kuifuta kwa kusema "mimi ni mtu mzuri". Hajali nasemaje. Anaangalia mkono.

Mnaona sasa kwa nini hasira zilinipanda mliposema "uzungu"? Huyo kijana wa dampo, Mzungu wake ni nani? Babu zetu waliowinda na mbwa kabla ya reli kufika hapa, walijifunza kwa Mzungu yupi? Kuwa na mbwa hakujawahi kuwa uzungu. Kilicholetwa ni kule kudhani kwamba mbwa wa kupendwa lazima awe German Shepherd mwenye karatasi, na huyu wetu ni takataka inayotembea.

Nazijua hoja zenu nyingine, na sitazikwepa.

Kuna wanaosema dini inakataza. Wengi wa Waislamu wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Shafii, na humo mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Naiheshimu sheria hiyo, na rafiki yangu anayeifuata akija kwetu namfunga Chapati upande wa pili wa ua. Lakini hiyo ni sheria ya usafi. Si ruhusa ya kumponda mnyama kwa mawe. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim mna habari ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake na kumnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake kwa ajili hiyo. Na katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni hawakulala peke yao. Mbwa wao alikuwa mlangoni. Wakristo wenzangu nao wafungue Luka 16 wasome ni nani alimkaribia Lazaro mlangoni kwa tajiri, wakati watu wenye dini zao walipokuwa wakipita.

Kuna wanaosema watu wana njaa. Kweli wana njaa. Lakini nimeishi na jambo hili sasa na nimeona nani anasema hivyo. Kijana wa dampo hasemi. Yeye anakata mkate vipande vinne, kimoja chake, vitatu vya wale watatu. Nyanya yangu, ambaye pensheni yake haifiki tarehe ishirini, siku hizi hukwangua ukoko wa ugali, akaulowesha kwa mchuzi wa omena, akaniambia, "Mpelekee mwenzako." Nikimtania kwamba ukoko ni wa mbwa koko, ananinyamazisha. Nimewasikia wakisema chakula hakitoshi watu wenye friji. Mmoja wao alikuwa ameshika samosa mkononi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike wiki hii badala ya mwezi ujao. Kamati ya mtaa wetu inapendekeza kuweka nyama yenye sumu usiku karibu na dampo. Mtoto mmoja aliumwa na mbwa, mzazi wake akalia kikaoni, na mzee mmoja akasimama akasema, "Vijana, tumalize hawa washenzi tulale." Watu wakapiga makofi.

Sitacheza na machozi ya mzazi. Kichaa cha mbwa ni kifo kibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi hupanda kwenye mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kila mtu mtaani anapaswa kujua hili: ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachomwe chanjo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Chanjo hiyo dunia imekuwa nayo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Hakuna mtoto anayepaswa kufa kwa ugonjwa huu.

Lakini sumu haimlindi mtoto huyo. Imejaribiwa. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 1997, wakuu waliamuru mbwa wauawe, wakauawa kwa maelfu kwa maelfu. Kichaa kikabaki. Sababu si ngumu kuielewa: sumu haichagui. Inamuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na nafasi ya aliyekufa hujazwa na kitoto cha mbwa kilicholetwa kutoka mtaa mwingine, ambacho hakijawahi kuona sindano. Wenye mbwa wazuri nao huwaficha au kuwahamisha, na ugonjwa husafiri nao.

Sasa tazameni Pemba, ndugu zetu wa karibu kabisa. Huko walichanja mbwa, kampeni baada ya kampeni, na kufikia mwaka 2014 kichaa kikatoweka kisiwani. Chanjo ikalegea, kikarudi mwaka 2016. Wakachanja tena, na kufikia 2018 kikatoweka mara ya pili. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa saba katika kila kumi, na ukarudia, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya yenyewe ina mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kufikia 2030, uliotangazwa mwaka 2014, na nguzo yake kuu ni chanjo kwa mbwa. Kwa maneno mengine, mbwa wa dampo aliyechanjwa anawakinga watoto wetu. Tukimpa sumu tumeua mlinzi, tena mlinzi asiyedai mshahara.

Nilisema hayo kikaoni. Sauti ilinitetemeka, nakiri. Yule mzee akaniuliza, "Kijana, ni nani atakayewakamata hao mbwa wachanjwe? Wewe?" Watu wakacheka, kama mlivyocheka ninyi. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba jibu ninalo. Kina kijana wa dampo ndio watakaowakamata. Wanawaita kwa majina, nao wanakuja. Mtaa mzima una watu kumi na tano hivi wanaoweza kuinama mbele ya hao mbwa bila mbwa kukimbia, na wote ni wale tunaowaita chokoraa. Tumewapa watoto jina la wanaochokora takataka, tumewapa mbwa jina la washenzi, halafu tunashangaa kwamba hao wawili wameelewana.

Kamati imetupa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimekwenda ofisi ya mifugo ya kaunti mara mbili. Mara ya pili nimepewa tarehe ya daktari kuja na chanjo. Nahitaji watu wa kuandika majina: rangi ya mbwa, alama yake, anapolala, anaitwaje, nani anayemlisha. Hiyo ni kazi ya kalamu, waungwana. Ni kazi yenu. Mnaotafuta wahusika, watakuja kwenye foleni wenyewe, kila mmoja na sikio lake na kovu lake, na kila kovu lina mwenyewe.

Na msije kwa ajili ya huruma. Huruma ya wiki moja namjua mbwa aliyeipata. Ndiye niliyemkuta Karen. Njooni kwa sababu hamjui mnachoandika.

Jana asubuhi nilikuwa nimechelewa. Nikainama mlangoni kufunga kamba za viatu, bila hata kufikiri. Nilipoinua kichwa Chapati alikuwa amesimama pale pale, pua yake karibu na kidole changu, anangoja tutoke. Nyanya aliona. Hakusema kitu, alirudi jikoni, na mlango akauacha wazi.

Nimemaliza. Anayepinga aandike, kurasa zipo. Anayekubali, Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa dampo. Aje na kalamu, na asije ameshika jiwe.